Mahali pa Kuonyesha Filamu Ambayo Haijakamilika

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba niliyoitoa mbele ya waongozaji, wahariri, watayarishaji na wahandisi wa programu waliokutana kupanga mfano wa majaribio wa tovuti ya kupeana video. Nimenyoosha sentensi chache zilizokuwa zimepinda nilipozisema. Mengine yamebaki kama yalivyotamkwa.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu waongozaji na watayarishaji, wahariri wenzangu, na ninyi wahandisi mliokubali kukaa siku nzima mkisikiliza malalamiko ya watu wa filamu.

Naomba nianze kwa kukiri jambo. Nilipoombwa nizungumzie tovuti hii, niliketi nikaandika orodha ya vitu ambavyo ningependa kuviona ndani yake, na orodha ilipofika ukurasa wa tatu nikaichana. Haikuwa orodha mbaya, kwa maana kila kilichokuwamo kilikuwa na mtu wake anayekihitaji. Lakini mfano wa majaribio ni swali linalojengwa ili watu walijibu kwa kulitumia, na swali lenye kurasa tatu halina anayeweza kulijibu. Kwa hiyo nimekuja na swali moja: je, mwongozaji aliye mbali anaweza kumwonyesha mhariri wake fremu ileile, yaani ile picha moja tuli, anayoizungumzia, katika filamu ambayo bado haijakamilika, na wote wawili wakalala bila hofu kwamba mtu wa tatu ameiona?

Katika swali hilo, neno lenye uzito ni "haijakamilika". Vimeo ilianzishwa mwaka 2004 na YouTube mwaka 2005, na tangu hapo dunia imepata mahali pazuri pa kuonyesha kazi iliyokwisha. Tovuti za namna hiyo zina tabia inayoeleweka: huitaka video ifike kwa watu wengi kadiri inavyowezekana. Sisi tunataka kinyume chake. Toleo la tatu la filamu lina picha ambazo kesho zitatupwa, lina nafasi tupu zenye maandishi "mlipuko utakuja hapa", lina sauti iliyonaswa na upepo, na karibu kila mara lina muziki wa muda, yaani muziki wa mtu mwingine ambao mhariri ameuweka ili apime mwendo wa tukio kabla mtunzi hajaandika wake. Muziki huo haujalipiwa na haukusudiwi kutoka nje ya chumba cha uhariri. Ukiipeleka kazi hiyo katika tovuti ya umma, hata kwa kiungo cha faragha, unaweza kukutana na mitambo inayolinganisha sauti za video na kazi zilizosajiliwa na wenye haki; YouTube imekuwa na mtambo wa aina hiyo tangu mwaka 2007. Mtambo hauna kosa, kwa kuwa unafanya kazi uliyotengenezewa. Aliyekosea ni yule aliyepeleka toleo la kazini mahali palipojengwa kwa ajili ya onyesho.

Sasa niingie katika fremu, na hapa nitaomba subira yenu, kwa sababu ndipo ninapoona mfano wetu utakapofaulu au kufeli.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihariri filamu ambayo mwongozaji wake alikuwa safarini. Nilimtumia toleo, naye akajibu kwa ujumbe wa simu: "Ile picha ya mlango ni ndefu mno, ikate." Katika sehemu aliyokuwa akiizungumzia kulikuwa na picha nne za mlango. Nilikata ile niliyodhani ndiyo, nikamtumia tena, naye akauliza kwa upole kwa nini nimeharibu picha aliyoipenda kuliko zote. Safari ya pili aliniandikia dakika na sekunde kama alivyozisoma kwenye kicheza video chake, na bado tulipishana. Kicheza chake kilianza kuhesabu kutoka sifuri, ilhali mstari wangu wa muda, kama ilivyo desturi ya wahariri wengi, ulianzia saa moja kamili, 01:00:00:00, na kabla ya picha ya kwanza nilikuwa nimeweka sekunde kadhaa za vipimo vya rangi na sauti ambazo yeye hakutumiwa. Tulimaliza siku mbili tukihesabiana sekunde kwa simu, na mimi na yeye ni watu tunaoelewana. Fikirini walio na ugomvi.

Ndugu wahandisi, kila fremu katika filamu ina anwani yake, nasi tunaiita taimukodi: saa, dakika, sekunde na namba ya fremu ndani ya sekunde hiyo. Anwani hiyo inaonekana rahisi mpaka mtu aulize sekunde moja ina fremu ngapi. Sinema ilitulia kwenye fremu 24 baada ya sauti kuingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Televisheni za nchi nyingi zilichukua 25. Marekani ilichukua 30, kisha rangi ilipokuja mwaka 1953 kasi hiyo ikapunguzwa kwa sehemu moja kati ya 1001, ikawa takriban 29.97, na ndugu yake wa sinema, yaani ile 24, akawa takriban 23.976. Kutokana na upunguzaji huo, anayehesabu fremu 30 kwa kila sekunde hujikuta amepishana na saa ya ukutani kwa sekunde 3.6 kila saa moja. Ili kuziba pengo hilo kuna taimukodi inayoruka namba mbili mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa dakika ya kumi, ya ishirini na kuendelea. Nasema hivi kwa sauti kwa sababu nimeshasikia mtayarishaji akihofia kupoteza picha: hakuna picha inayotupwa. Zinazorukwa ni namba tu.

Kwenu ninyi maana yake ni kwamba kasi ya fremu isihifadhiwe kamwe kama desimali iliyokadiriwa. Ihifadhiwe kama sehemu, mfano 24000 kwa 1001 kwa ile takriban 23.976, na maoni ya mtumiaji yahifadhiwe kwa namba kamili ya fremu, si kwa sekunde. Mkiandika 23.98 kwa sababu inapendeza kwenye skrini, kisha mkaitumia katika hesabu, baada ya saa mbili za filamu mtakuwa mmepotea kwa fremu zipatazo 29, yaani zaidi ya sekunde nzima. Katika sekunde moja mtu anaweza kufungua mlango, na sisi tumeshaona mlango unavyogharimu.

Tatizo la pili liko kwenye kivinjari chenyewe. Kivinjari hueleza mahali video ilipofika kwa sekunde zenye desimali; hakina mazoea ya kuzungumza kwa fremu. Katika filamu ya fremu 24, kila fremu hukaa kwenye skrini takriban milisekunde 42, na ukisimamisha video mpakani, ukadiriaji mdogo tu wa desimali unatosha kukupeleka fremu ya jirani. Vivinjari vya miaka ya karibuni vina njia ya kuiarifu programu kila fremu mpya inapoonyeshwa, nayo inasaidia sana, lakini sitaki tuiamini kwa maneno. Jaribio ninalolipendekeza ni la kizamani na halina gharama: tutengeneze video ambayo namba ya kila fremu imechapwa juu ya picha yenyewe, tuisimamishe mahali mia mbili tofauti, katika vivinjari tofauti na kwenye simu, na kila mara tulinganishe namba inayosomeka kwenye picha na namba iliyohifadhiwa na mfumo. Zikitofautiana hata mara moja, tusiendelee na jambo lingine lolote. Mwongozaji akikuta maoni yake yameketi fremu moja kando ya mkato, yaani katika picha nyingine kabisa, hatayaamini tena hata mara zile yalipokuwa sahihi.

Litatoka hapa pia suala la kuruka mbele na nyuma. Video iliyobanwa kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho vivinjari karibu vyote vinakielewa, haihifadhi kila fremu kama picha kamili. Huhifadhi picha kamili chache, na zilizo katikati huelezwa kwa tofauti zake na jirani zake. Picha kamili zikiwa mbali sana, kicheza video hulazimika kusoma fremu nyingi kabla ya kuifikia ile uliyoitaka, na mtumiaji huona skrini ikisita. Kwa mtazamaji wa kawaida hilo si kitu. Kwa mtu anayerudi nyuma fremu tatu, mbele mbili, akitafuta pumzi ya mwigizaji, ni adha isiyovumilika. Kwa hiyo tuweke picha kamili angalau moja kila sekunde, faili ziwe kubwa kidogo, na tusilalamike.

Kuhusu ukubwa wa faili, nitatoa hesabu moja kisha niuache. Filamu ya dakika 90 yenye ubora wa 1920 kwa 1080, ikihifadhiwa kwa ProRes 422 HQ, umbizo la video la ubora wa juu litumikalo katika uhariri, katika fremu 24, huchukua takriban megabiti 176 kwa sekunde, ambazo kwa filamu nzima zinakaribia gigabaiti 119. Mtu mwenye intaneti inayopakia kwa megabiti 20 kwa sekunde atasubiri zaidi ya saa 13, ikiwa haitakatika. Filamu hiyohiyo ikibanwa kwa megabiti 8 kwa sekunde inakuwa gigabaiti 5.4 na inapanda kwa dakika 36. Mfano wetu upokee faili ndogo tu, mhariri aibane mwenyewe kabla ya kuipakia, na upakiaji uweze kuendelea ulipoishia mtandao ukikatika. Hilo la mwisho si pambo. Anayepoteza asilimia 90 ya upakiaji harudi siku ya pili.

Nimesikia hoja kwamba faili ndogo itawaudhi wapigapicha na warekebishaji rangi. Itawaudhi, na wana haki. Lakini hata faili kubwa isingewasaidia, kwa sababu hatujui mtazamaji ameshika skrini gani, imewekwa mwanga kiasi gani, wala dirisha liko upande gani wa chumba. Kiwango cha BT.709 kinaeleza rangi za video zinapaswa kuwaje. Hakina uwezo wa kuilazimisha simu ya mtayarishaji. Ninapendekeza kiandikwe wazi chini ya kila video kwamba rangi haiidhinishwi hapa. Vivyo hivyo kwa midomo na sauti kutokulingana: kabla ya kumpigia fundi sauti, mtazamaji aulizwe kama amevaa spika za masikioni zisizo na waya, kwa kuwa hizo huichelewesha sauti kidogo, na nimeona mikutano mizima ikifanyika kwa ajili ya kosa lisilokuwepo.

Nije kwenye hofu ya mtu wa tatu. Njia inayotumika na wengi leo ni kiungo: unampa mtu kiungo, naye anatazama. Udhaifu wake ni kwamba kiungo hakina uso. Mwongozaji anampa mtayarishaji, mtayarishaji anampa msaidizi, msaidizi anakibandika katika kundi la ujumbe ili "wote wawe pamoja", na kufikia jioni hakuna anayejua filamu iko kwa nani. Mfano wetu utoe kiungo kwa mtu mmoja mmoja, chenye jina lake, chenye siku ya kufa, na kinachoweza kuzimwa na mwenye filamu kwa kubonyeza mara moja. Jina la mtazamaji lipite juu ya picha, hafifu lakini linalosomeka, likihama mahali kila baada ya muda ili lisikatwe kwa kupunguza ukingo wa video.

Hapa lazima tuwe wakweli kwa watakaotumia. Hakuna teknolojia itakayomzuia mtu kuinua simu na kupiga picha skrini yake. Jina juu ya picha halimzuii mwizi. Linachofanya ni kumkumbusha mtu mwema aliyechoka kwamba kazi hii imewekwa mikononi mwake yeye, na uvujaji mwingi ninaoufahamu umetokana na watu wema waliochoka. Tukiandika kwenye tovuti kwamba video "haiwezi kuvuja", tutakuwa tumedanganya siku ya kwanza. Tuandike tunachofanya, neno kwa neno, na tuishie hapo.

Kuna jambo dogo ndani ya hili ambalo limeninyima usingizi kuliko usalama wenyewe. Mfumo unaojua nani ametazama, unajua pia ametazama kiasi gani. Je, mhariri aonyeshwe kwamba mtayarishaji aliyeandika kurasa mbili za maoni alitazama dakika nne tu? Wenzangu wahariri wanacheka, najua mnataka. Mimi nasema hapana, angalau kwa sasa. Mwenye filamu aone nani amefungua na lini, kwa sababu hilo ni suala la ulinzi. Muda gani mtu alikaa usionyeshwe kwa yeyote, na ikiwezekana usihifadhiwe kabisa. Chombo kinachowafanya watu wavizie subira ya wenzao kitakimbiwa na wale hasa tunaowahitaji, na hatutaweza kuwalaumu.

Matoleo ni suala gumu ambalo nashauri tulikwepe kwa makusudi. Toleo la nne likija, sekunde 12 zimeondolewa katikati na tukio moja limehamishwa. Maoni 40 yaliyokuwa katika toleo la tatu yaende wapi? Mhandisi mmoja kati yenu alinieleza kwa shauku namna ya kuyahamisha yenyewe kwa kulinganisha picha, na naamini inawezekana. Lakini maoni yaliyohamishwa vibaya ni mabaya kuliko maoni yaliyobaki nyuma, kwa sababu yanaonekana kuwa sahihi. Katika mfano huu maoni yabaki katika toleo lake, toleo la zamani lisifutike, na mhariri aweze kufungua matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Macho yake yatafanya kazi iliyobaki.

Yanayoachwa nje kabisa ni haya: malipo, utafutaji, wasifu wa wataalamu, kupendekezeana kazi, kuhesabu waliopenda, matangazo ya moja kwa moja, na programu maalumu ya simu. Mtaka yote hukosa yote. Na yapo mambo ambayo tutayafanya kwa mkono huku mtumiaji akiona kama yanafanywa na mashine. Akaunti zifunguliwe na mtu mmoja aliyekaa na orodha. Barua pepe za mwaliko ziandikwe na mtu huyohuyo. Yeye ndiye akague kila faili kwa FFmpeg, programu ya bure ya kushughulikia faili za video, kabla haijaonyeshwa kwa mtu: kasi ya fremu ni ipi, ni thabiti au inabadilikabadilika kama inavyokuwa kwa video nyingi za simu, na sauti imo au haimo. Itakuwa kazi ya kuchosha, na uchovu huo ndio utakaotuambia kipi kinastahili kuandikiwa programu kwanza.

Tutaijaribu kwa nani, na kwa filamu ipi? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, na kwamba ni afadhali kurudia jaribio dogo mara kadhaa kuliko kufanya moja kubwa. Kwetu sisi mtumiaji ni wawili wawili, kwa hiyo nasema jozi tano za mwongozaji na mhariri, na kila jozi iwe na watu ambao wameshawahi kufanya kazi pamoja, kwa kuwa wasiojuana huandikiana kwa adabu nyingi na adabu huficha matatizo. Filamu isiwe ya yeyote kati yao. Hatuna haki ya kuweka kazi halisi ya mtu katika seva ambayo bado hatuiamini sisi wenyewe. Tupige filamu fupi yetu, ya dakika nane hivi, tuipe kila jozi picha zote ghafi waihariri upya kwa siku kumi wakiwa mbalimbali, na makubaliano ya maandishi yaeleze kwamba picha ni zetu, maoni ni yao, na vyote vitafutwa jaribio likiisha.

Wakati wa jaribio, sitawauliza kama wameipenda. Watu wa filamu ni wepesi wa kusifu kazi za wenzao. Nitaangalia simu zao, kwa ruhusa yao. Ikiwa ifikapo siku ya nne jozi tatu kati ya tano zimerudi kuandikiana kwa ujumbe wa simu kuhusu mkato, basi tumeshindwa, hata kama fremu zote zinalingana na hakuna kilichovuja, na itatubidi tukae na jozi hizo tuone ni wapi hasa walipoiacha tovuti wakachukua simu.

Naomba jopo la wahandisi lituambie leo, kabla ya kuachana, nani atatengeneza ile video yenye namba juu ya kila fremu. Ninaihitaji katika kasi tatu: 24, 25 na 24000 kwa 1001. Mimi nitaleta kompyuta yangu kuukuu, ile inayopiga kelele, kwa sababu ndiyo niliyohariria ile filamu ya milango.